Kisiki cha Mbambakofi

Jambo lenyewe lilianzia darasani. Tulikuwa tukiwafasiria wanafunzi wetu wa madrasa ile sura fupi ifunguliwayo kwa kiapo cha tini na zaituni, na mtoto mmoja wa kike, asiyezidi umri wa miaka tisa, akanyoosha kidole akauliza: "Maalim, tini ni mti wa namna gani?" Tukamjibu kwamba tini ni jamaa ya mkuyu. Akatafakari kidogo, kisha akauliza tena: "Na mkuyu je?" Darasa zima likatutazama. Hapakuwa na hata mmoja miongoni mwa watoto kumi na wanne aliyeweza kuutambua mkuyu kwa macho, nasi tuliokuwa tukijiona tumekwisha jibu, tukatanabahi kuwa tulilolifanya ni kulieleza jina kwa jina jingine.

Ndipo Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya Alfajiri, matatu moja ya kukodi ilipoondoka mbele ya madrasa yetu hapa Malindi ikiwa imebeba watoto hao, mama zao wanne, mweka hazina wa msikiti, na sisi pamoja na goti letu la kushoto ambalo halipendi safari. Haikuchukua hata nusu saa kufika Gede. Hilo ndilo la kustaajabisha. Tumeipita barabara ile ya Mombasa mara zisizo na idadi, kwa harusi na kwa mazishi, tukiuona msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kulia kama ukuta wa kijani usio na mlango. Katika umri wetu wote wa zaidi ya miaka hamsini hatukuwahi kumwambia dereva asimame.

Tulipokewa kwenye kituo cha misitu na kijana wa Kigiriama, mwongozaji aliyezaliwa na kukulia katika kijiji kilicho ukingoni mwa msitu. Alitupa salamu ya Kiislamu, akatuita Ustadhi, kisha akatutolea masharti yake kwa adabu lakini bila ya kubembeleza: tutembee kwa safu moja, tuseme kwa sauti ya chini, tusichume jani wala tusiokote kitu cha kwenda nacho nyumbani. Akawatazama mama zetu, akasita, kisha akasema kwamba miba ya humo ndani haina heshima na buibui refu. Mama mmoja alicheka, akakunja pindo lake akalifunga kwa pini. Tunalitaja hili kwa kuwa ni jambo la manufaa kwa atakayefuata: vazi la sitara lisiloburura, viatu vya kufunika mguu mzima, na maji ya kunywa ya kutosha, kwani ndani ya msitu hapauzwi kitu.

Njia tuliyoifuata haikufika kilomita mbili, nasi tuliitembea kwa muda wa saa mbili. Mwenye haraka atasema huo ni uvivu. Lakini mwongozaji alisimama kila baada ya hatua kumi au ishirini, na kila aliposimama palikuwa na kitu. Alitufahamisha kwamba msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na kwamba ndio kipande kimoja kikubwa zaidi cha msitu wa asili wa pwani kilichosalia katika Afrika ya Mashariki. Sio msitu mmoja bali ni mitatu iliyokaa ubavu kwa ubavu: mashariki, karibu na barabara, ni mchanganyiko wa miti ya kila namna, katikati, penye mchanga mweupe usio na rutuba, hutawala mirihi, na magharibi, penye udongo mwekundu, ni vichaka vizito ambamo hata mwenyeji huingia kwa tahadhari. Wamo tembo pia, nao wamezuiliwa kwa uzio wa umeme wasiingie katika mashamba ya watu. Sisi tulikuwa upande wa mashariki tu, tena ukingoni.

Hapo ndipo tulipouona msandarusi. Sandarusi tunaijua sote kwa jina. Babu zetu waliifanyia biashara, na katika karne ya 19 utomvu huo ulisafirishwa kutoka pwani yetu hadi ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Mti wenyewe, ukiwa umesimama na machozi yake yamegandia kwenye gome, ilikuwa ni mara yetu ya kwanza kuuona. Mwongozaji akautaja kwa Kigiriama, akataja na matumizi yake, kisha akamgeukia yule binti aliyeuliza kuhusu mkuyu na kumwambia arudie. Akarudia. Watoto wengine nao wakarudia, kama wafanyavyo wanapohifadhi, na kwa muda kidogo pale chini ya miti palisikika kama chuoni.

Mbele kidogo, mwongozaji aliinua mkono na sote tukaganda. Katika majani makavu palikuwa na mnyama mdogo, mwenye pua ndefu inayochezacheza na matako yenye rangi ya dhahabu, tena dhahabu kwelikweli. Alikuwa sange. Alichakura majani, akapiga mkia wake ardhini, akaruka na kutoweka. Tuliambiwa kwamba sange wa namna hii huishi dume na jike wawili wawili katika eneo lao, kwamba hujenga viota vya majani chini na kulala humo, na kwamba ngozi iliyo chini ya ile rangi ya dhahabu ni nene kuliko mahali pengine mwilini, ili adui avutwe na mng'aro na kuuma pale pasipodhuru sana. Sehemu kubwa ya wale waliobakia duniani imo ndani ya msitu huu. Watoto hawakusema neno. Mmoja alinong'ona "Subhanallah" bila ya kuambiwa na mtu, na tukakumbuka ni mara ngapi tumewaamrisha waitamke darasani na wakaitamka huku wakiangalia saa.

Bundi mdogo wa Sokoke hatukumwona, kwa kuwa makao yake ni kule magharibi kwenye udongo mwekundu. Ndege huyu hafikii shubiri moja kwa urefu, na ulimwenguni kote hajulikani kuwepo ila mahali pachache, ikiwemo hapa na katika misitu ya chini ya milima ya Usambara, nchini Tanzania. Kutajwa kwake tu kulimfanya mama mmoja ajishike kifua. Kwetu pwani bundi akilia juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa wa mtaani. Tulipata fursa ya kuwakumbusha, tukiwa tumesimama pale pale njiani, kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliibatilisha itikadi hii kwa kuitaja, katika hadithi iliyo sahihi inayokataza kutabiri shari kwa ndege. Bundi hana habari na ajali ya mtu. Mama yule alisikiliza kwa heshima. Hatudhani kwamba ameacha kuogopa, lakini alimuuliza mwongozaji kama huyo bundi anakula nini, na hilo si haba.

Sasa tufike kwenye kisiki.

Kilikuwa kando ya njia, hatua chache ndani ya kichaka, na huenda tungekipita lau si kwa kuwa mmoja wa watoto aliokota mbegu. Ilikuwa nyeusi, ngumu, inayong'aa kama jiwe la pete, na upande mmoja imevaa kofia nyekundu. Mwongozaji akasema: "Hiyo ni ya mbambakofi," akautafuta mti mwenyewe kwa macho, na hakuwa akiutafuta juu. Alitupeleka hadi pale. Kisiki kilikuwa kipana kiasi ambacho watoto wanne wangeweza kukikalia bila ya kusukumana. Kilikatwa kwa msumeno, na unga wa mbao ulikuwa bado haujaliwa na mvua wala mchwa. Mti mmoja tu ndio uliochaguliwa, iliyouzunguka haikuguswa. "Hawa si watu wa kuni," alisema. "Watu wa kuni tunawajua, ni mama zetu, wana vibali vya kuokota kuni kavu. Huyu alikuja usiku, na alikuwa na mteja tayari."

Mweka hazina wetu alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakusema kitu, lakini tulimsikia akivuta pumzi, na tulijua sababu.

Wasomaji wetu wanaoswali pamoja nasi wanafahamu kwamba milango ya msikiti imeliwa na mchwa. Wiki mbili kabla ya matembezi hayo kamati ilikaa kuijadili. Palikuwa na maoni kwamba milango mipya iwe ya mbambakofi, kama ilivyokuwa ya zamani, kwani milango ya kale ya Waswahili, iliyochongwa na kusimama vizazi kwa vizazi, mingi yake ilitengenezwa kwa mti huo. Tukaletewa bei mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa. Ya pili, kutoka kwa muuzaji mwingine ambaye hatutamtaja, ilikuwa ndogo kwa karibu nusu, nayo haikuwa na karatasi yoyote. Aliyetuletea alisema mbao zipo, ni mbichi, na zinaweza kushushwa usiku. Na hapa hatuna budi kukiri: hakuna aliyeuliza kwa nini zishushwe usiku. Sisi wenyewe, tunaopanda minbari kila Ijumaa, tulisema alhamdulillahi, Mola ameifungulia nyumba Yake. Kamati ikaafiki, ikabakia kutoa amana ya fedha.

Hatudai kwamba kisiki kile ndicho kilichokuwa kikisubiri kuwa mlango wetu. Huenda sicho. Lakini hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kusema kwa yakini kuwa sicho.

Katika elimu yetu kuna neno linalofaa mahali hapa, nalo ni hima. Hima ni ardhi iliyowekwa kando, isiyolishwa wala kukatwa ovyo, kwa maslahi ya umma. Mtume (s.a.w.) aliiweka Naqii kuwa hima, na Madina yenyewe akaitukuza hata miti yake isikatwe. Baada yake Sayyidna Umar (r.a.) aliweka hima nyingine, ikiwemo Rabadha, na akamsimamisha mtumishi wake aliyeitwa Hunayy kuiangalia. Wasia aliompa umehifadhiwa katika Sahihi ya Bukhari, nao tuliusoma tukiwa vijana na kuupita haraka kwa sababu mtihani haukuuliza. Maana yake ni kwamba awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache kuingia, na awazuie matajiri, hata wawe ni Ibn Awf na Ibn Affan, kwani tajiri mifugo yake ikifa anayo mashamba na mitende ya kumrudishia, ama maskini akipoteza kidogo alichonacho atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa.

Tulipokuwa tumesimama juu ya unga ule wa mbao, wasia huo ulitujia kwa uzito ambao haukuwa nao darasani. Arabuko-Sokoke ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1943, na serikali iliyoutangaza haikuwa ya Kiislamu wala haikutushauri; lakini tukiupima kwa kipimo cha Umar, yule mama mwenye kibali cha kuni kavu ndiye mwenye kondoo wachache, na mwenye msumeno na mteja wa usiku ndiye aliyepaswa kuzuiwa. Katika hesabu hiyo, msikiti wetu ulikuwa umejipanga upande wa pili. Tuliyasema haya kwa sauti, mbele ya watoto, kwa sababu tulihisi kuyaficha kungekuwa ni kosa la pili. Mtoto mmoja akauliza kama kuswali nyuma ya mlango ulioibwa kunajuzu. Tulimwambia suala hilo wanavyuoni wamelitazama kwa mapana, na kwamba tutamjibu. Kwa hakika tulihitaji muda.

Kutoka msituni hadi magofu ya Gede ni karibu mno, nasi tulikwenda huko kabla ya jua kuwa kali. Pengi pameandikwa juu ya mji huo na hatutarefusha: uliachwa katika karne ya 17, ukatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1927, ukachimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni kupungua kwa maji ya visima. Kilichotugusa zaidi ni miti. Mji umemezwa na msitu, na kwa kuwa wenyeji waliuogopa na kuuheshimu, miti hiyo haikukatwa. Mizizi imeshuka juu ya kuta za matumbawe, na kima wanakaa mahali walipokaa makadhi. Kuna kaburi lenye tarehe ya Hijria 802, sawa na mwaka 1399 wa Miladi. Watoto waliisoma tarehe hiyo kwa heshima, kama wasomavyo barua iliyoandikwa kwao.

Katika msikiti mkuu pamebaki mihrabu, nguzo, kisima na mahali pa kutawadhia. Paa hakuna. Waliuliza: je, huu bado ni msikiti? Tukawajibu kwamba kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafii ardhi iliyowekwa wakfu kuwa msikiti haivuliwi hadhi hiyo kwa kubomoka. Hatukuwaambia wafanye chochote, lakini tulipogeuka tuliona viatu vimepangwa nje, na watoto wamesimama ndani na soksi zao juu ya mizizi na changarawe. Kisha yule yule binti wa mkuyu akaja, akatuvuta kanzu: "Maalim, milango yao ilikuwa ya mti gani?" Matundu ya milango yapo, yamezungushiwa mawe yaliyochongwa vizuri, lakini milango yenyewe imeshakuwa udongo tangu zamani. Mweka hazina akatazama kando.

Hapo hapo Gede pana mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima waishio kando ya msitu hufuga vipepeo, na mabuu yaliyojifunika huuzwa nje ya nchi kwa ajili ya maonyesho. Pesa inayopatikana inawahitaji msitu uwepo, kwani bila ya msitu hakuna kipepeo wa kuanzia. Hali kadhalika Mida, tulikomalizia siku baada ya swala ya Adhuhuri: watu hulipa kidogo kupita kwenye daraja jembamba la mbao lililopita katikati ya mikoko, na sehemu ya malipo ya namna hiyo husaidia, kupitia shirika la A Rocha Kenya, karo za wanafunzi wa shule za sekondari wanaotoka katika vijiji vya kando ya msitu. Daraja hilo huyumba. Goti letu lililikataa, na tulikaa kivulini mwa mchu tukiwasikiliza watoto wakibishana ni upi mkoko na upi mkandaa, nasi kwa mara ya kwanza siku hiyo tukawa na majibu, kwa sababu nyumba tuliyozaliwa ilikuwa ya boriti na pau, na marehemu baba yetu hakumwacha mtoto wake asijue tofauti zake.

Kwa familia itakayopenda kwenda: asubuhi mapema ndio wakati wake, kabla ya saa tatu, kwani baada ya hapo wanyama hujificha na joto huwa halina huruma. Mchukueni mwongozaji, hata kama mnaijua njia. Bila ya yule kijana tungeona miti tu. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa simu, basi mwenye simu aichaji usiku. Na wazee wenye magoti kama letu wasikate tamaa, kwani njia ya msituni ni tambarare.

Kamati ilikaa tena Jumatatu. Kikao kilikuwa kirefu na hakikuwa kitamu. Wapo waliosema kuwa mti ulioanguka umekwisha anguka, na kwamba fedha za msikiti ni amana isiyopaswa kumwagwa kwa bei kubwa. Hiyo ni hoja, na tuliisikiliza. Mweka hazina, ambaye kwa kawaida huwa wa kwanza kutetea bei ndogo, alitoa mfukoni picha ya kisiki aliyoipiga kwa simu na kwenda kuitolea chapa, akaiweka mezani, akakaa. Baada ya hapo mjadala ulikwisha upesi. Milango itakuwa ya mfenesi, kutoka shamba la mmoja wa waumini wetu huku huku, na fundi ameshaukagua mti. Utahitaji kukaushwa, kwa hivyo kazi haitakamilika mapema kama tulivyoahidi.

Yule binti ametuomba mche wa mbambakofi wa kupanda uani mwa madrasa, na tunaulizia katika kitalu cha miche kule Gede. Safari ya pili itakuwa baada ya mitihani ya madrasa. Wazazi wanaotaka kufuatana nasi waandikishe majina kwa mweka hazina. Kwa sasa mlango wa upande wa kusini umezibwa kwa bati, nasi tunawaomba maamuma wetu radhi kwa kelele zake kila upepo unapovuma.